Kyrie Eleison: Historia ya Itikio la Watu Katika Ibada ya Kikristo

Utangulizi

Katika ibada ya Kikristo ziko sehemu ambazo mchungaji hawezi kuzitimiza peke yake, hata akiwa na elimu kubwa na sauti nzuri namna gani. Akitamka baraka, sharti wawepo watu wa kusema "Amina". Akizitaja haja za ulimwengu mbele za Mungu, sharti wawepo watu wa kuzichukua haja hizo katika vinywa vyao wenyewe na kuimba, "Bwana, utuhurumie". Maneno haya mafupi, ambayo usharika mzima huyaimba kwa pamoja bila kutazama kitabu, ndiyo tunayoyaita maitikio.

Wengi wetu tumezoea kuyahesabu maitikio kuwa jambo dogo. Katika masomo ya liturgia huelezwa kwa ufupi, na katika sharika huachwa yajiendee yenyewe. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba historia inashuhudia vingine. Tutafuata hasa itikio moja, Kyrie eleison, tangu lilipoimbwa na watoto wa Yerusalemu katika karne ya nne hadi lilipowekwa katika ibada ya Kijerumani huko Wittenberg mwaka 1526. Kisha tutaitazama hali yetu wenyewe. Hoja yetu ni hii: itikio ni haki ya wote waliobatizwa, na kila mara lilipochukuliwa na wataalamu ndani ya kanisa, watu hawakunyamaza, bali walitoka nalo nje. Yatupasa tujiulize kama sisi nasi hatujaanza kuwatoa nje.

1. Mizizi ya itikio

Katika Agano la Kale itikio lilikuwa tendo la kujifunga. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 27 Walawi wanatamka laana kumi na mbili, na baada ya kila moja watu wote wanasema "Amina". Yeye asemaye hivyo anakubali kwamba neno lile linamhusu yeye mwenyewe. Ezra alipomhimidi Bwana mbele ya mkutano, watu walijibu kwa namna hiyo hiyo huku wameinua mikono (Neh. 8:6). Mtume Paulo aliitegemea desturi hii alipowauliza Wakorintho jinsi mtu asiyeelewa maneno ya shukrani atakavyoweza kuitika Amina (1 Kor. 14:16). Kwa Paulo, sala ambayo mtu wa kawaida hawezi kuiitikia ina upungufu, hata kama yeye aombaye anaomba vema.

Yapata mwaka 155, Yustino Shahidi alimwandikia Kaisari kueleza ibada ya Wakristo. Anasema kwamba msimamizi hutoa shukrani ndefu juu ya mkate na kikombe, na akiisha kumaliza, watu wote waliopo huitika Amina. Yustino aliona vema kumfafanulia Kaisari maana ya neno lile la Kiebrania. Bila shaka alifahamu kwamba katika ibada yote ile, hilo ndilo neno ambalo kila Mkristo, awe mtumwa au mwungwana, alilitamka kwa kinywa chake mwenyewe.

Hata hivyo, desturi ya kuitikia haikutoka katika sinagogi peke yake. Katika dola ya Kirumi watu walimshangilia Kaisari alipoingia mjini, na hata mabaraza yalionyesha kibali chao kwa kupaza sauti pamoja. Tarehe 25 Desemba 438, Baraza la Wazee wa Rumi lilipopokea mkusanyo wa sheria za Kaisari Theodosio, mwandishi aliandika maneno yaliyoshangiliwa, na pia idadi ya mara yalivyorudiwa.

Kanisa nalo lilifanya vivyo hivyo. Tarehe 26 Septemba 426, Askofu Augustino, ambaye wakati huo alikuwa mzee, aliwakusanya watu wa Hippo na kuwatajia kasisi Eraklio kuwa ndiye amtakaye awe mrithi wake. Waandishi walinakili yote. Watu walimshukuru Mungu na kumsifu Kristo mara 23. Wakamwomba Kristo ampe Augustino uhai mara 16. Wakamwita baba na askofu wao mara 8. Augustino aliwaambia waziwazi kwamba anahitaji jibu lao, na mwishoni akawaomba wale wanaoweza kuandika watie sahihi. Sisi tunaongeza kwamba wale wasiojua kuandika walikuwa wamekwisha kutia sahihi kwa sauti zao. Katika Kanisa la kale itikio halikuwa pambo la ibada. Lilikuwa kibali cha watu, na lilihesabiwa.

2. Kilio cha watoto wa Yerusalemu

Maneno Kyrie eleison ni ya Kiyunani, na maana yake ni "Bwana, uhurumie". Yamo katika Zaburi za tafsiri ya Kiyunani, na katika Injili yapo vinywani mwa watu waliosukumwa kando: mwanamke Mkanaani (Mt. 15:22), vipofu wa njiani (Mt. 20:30), na wengine kama wao. Lakini hayakuwa maneno ya waamini pekee. Mwanafalsafa Epikteto, aliyeishi karibu na wakati wa mitume, anawataja watu waliomlilia mwaguzi kwa maneno hayo hayo wakiwa na hofu. Basi Kanisa lilikichukua kilio kilichokuwa kikisikika mitaani na kukielekeza kwa Bwana aliye Bwana kweli.

Ushahidi ulio wazi wa kutumika kwa itikio hili katika ibada unatoka kwa mwanamke mmoja msafiri, jina lake Egeria, aliyezuru Yerusalemu kati ya mwaka 381 na 384. Anaeleza kwamba katika sala ya jioni shemasi alisoma majina ya watu mmoja mmoja, na kwa kila jina kundi kubwa la watoto waliosimama pale waliitika Kyrie eleison, na sauti zao zilikuwa nyingi kupita kiasi. Kitabu cha taratibu za Kanisa kilichoandikwa Shamu wakati huo huo, kijulikanacho kama Katiba za Mitume, nacho kinaagiza kwamba watu waitikie hivyo kwa kila haja aitajayo shemasi, na kinawataja watoto kwa namna ya pekee.

Jambo hili la watoto lastahili kufikiriwa. Mtoto hawezi kuomba sala ya askofu, wala hawezi kukumbuka zaburi ndefu. Lakini maneno mawili anayaweza. Ufupi wa itikio ndio mlango ambao wadogo, wasiosoma, wageni na wazee waliosahau mengi huingia nao katika maombi ya Kanisa. Ukiurefusha au ukiufanya mgumu, umeufunga mlango huo.

3. Kutoka kwa watu kwenda kwa waimbaji

Kutoka Mashariki Kyrie eleison lilisafiri kwenda Magharibi. Mwaka 529 sinodi ya Vaison, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, iliagiza liimbwe katika ibada za asubuhi, za jioni na katika misa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa desturi ya Rumi, Italia na Mashariki. Mwaka 598 Papa Gregori Mkuu, akijibu lawama kwamba anawaiga Wayunani, alieleza kwamba Rumi ina namna yake: makasisi husema na watu huitika, na tena huongezwa Christe eleison, jambo ambalo Wayunani hawakulifanya. Alieleza pia kwamba katika misa za siku za kawaida haja zilizokuwa zikitajwa ziliachwa, yakabaki maitikio peke yake. Wakati wa Gregori, basi, watu walikuwa bado wanaitika, lakini katika siku za kawaida yale yaliyokuwa yakiitikiwa yalikuwa yamekwisha kuondolewa.

Miaka mia moja baadaye hali ilikuwa nyingine. Utaratibu wa misa ya Papa ulioandikwa yapata mwaka 700 unaeleza kwamba Kyrie linaimbwa na kundi la waimbaji waliofunzwa. Kiongozi wao anamtazama Papa, na Papa ndiye atoaye ishara ya kumaliza. Watu wamo kanisani, lakini katika sehemu hii hawatajwi.

Tusidhani kwamba jambo hili lilifanyika kwa ubaya. Majengo yalikuwa makubwa, ibada zilikuwa za fahari, na waimbaji walimtolea Mungu kilicho bora katika sanaa yao. Zaidi ya hayo, mataifa mapya ya kaskazini yalipoingia katika Kanisa, hayakujua Kilatini, sembuse Kiyunani. Wako waliojaribu kuuzuia mwendo huo. Katika Mashariki Kaisari Justiniani alitoa sheria mwaka 565 kuwaamuru maaskofu na makasisi waombe sala ya shukrani kwa sauti ya kusikika, na alitumia andiko lile lile la Paulo juu ya mtu asiyeweza kuitika Amina. Katika Magharibi Mfalme Karolo Mkuu aliagiza mwaka 789 kwamba wimbo wa "Mtakatifu" uimbwe na kasisi pamoja na watu wa Mungu kwa sauti moja. Lakini watawala hawaagizi jambo linalofanyika tayari. Sheria hizo zenyewe zatuonyesha kwamba sala zilikuwa zikinong'onezwa, na watu walikuwa wananyamaza.

Katika karne zilizofuata Kyrie liliongezewa maneno na noti, likaimbwa kwa sauti nyingi zilizofumana. Guillaume de Machaut, mtunzi Mfaransa wa karne ya 14, alitunga misa ya sauti nne ambayo wataalamu wa muziki huistaajabia mpaka leo. Katika Kyrie yake neno moja laweza kuchukua muda mrefu kuliko sala nzima ya shemasi wa Yerusalemu. Ni kazi nzuri ajabu; lakini mtoto wa Egeria asingeweza kuiimba.

4. Itikio latoka nje

Je, watu walinyamaza? La. Historia ya Ulaya ya kati yatuonyesha kwamba walilichukua Kyrie wakaenda nalo njiani, kwenye hija, kwenye maandamano na hata vitani. Shairi la Kijerumani cha kale juu ya vita vya Saucourt vya mwaka 881 laeleza kwamba mfalme aliimba wimbo mtakatifu, na askari wote wakaitika Kyrieleison. Hapa yatupasa kuona pia hatari: kilio cha kuomba huruma kimekuwa kelele ya vita. Itikio linalotengwa na sala inayolipa maana laweza kutumiwa kwa jambo lolote.

Kasisi Kosma wa Prague, mwandishi wa historia aliyefariki mwaka 1125, anaeleza jinsi askofu wa kwanza wa mji huo alivyosimikwa katika miaka ya 970. Makasisi waliimba Te Deum kwa Kilatini. Mtawala na wakuu wake waliimba wimbo wenye maneno ya Kijerumani na Kyrie eleison ndani yake. Watu wa kawaida, wasio na elimu, walipiga kelele "Krlessu". Neno hilo ni Kyrie eleison lililochakaa kwa kutumiwa, kama sarafu iliyopita katika mikono mingi. Katika kanisa moja, siku moja, kulikuwa na tabaka tatu na lugha tatu; na neno pekee lililokuwa la watu wote lilikuwa lile itikio.

Lakini lipo tukio jingine ambalo kila mmisionari na kila mchungaji angefaa kulikumbuka. Thietmar, askofu wa Merseburg mwanzoni mwa karne ya 11, anasimulia habari za Boso, aliyemtangulia katika kiti hicho na kufariki mwaka 970. Boso alifanya kazi kwa bidii miongoni mwa Waslavi, akaandika maneno katika lugha yao, na akawasihi waimbe Kyrie eleison akiwaeleza faida yake. Wao waliligeuza kwa dhihaka, wakatamka maneno ya kwao yaliyofanana nalo kwa sauti, ambayo maana yake ni kwamba mti fulani umesimama kichakani. Wakasema, ndivyo Boso alivyotufundisha. Watu hao walikuwa wamefundishwa sauti ya itikio kabla hawajalipokea kama lao, wakaipa sauti ile maana waliyoitaka wenyewe.

Wajerumani waliendelea kwa njia nyingine. Kati ya kilio kimoja cha Kyrieleis na kingine waliingiza mistari michache ya lugha yao wenyewe, na polepole zikazaliwa nyimbo fupi za watu ambazo kila beti iliishia kwa Kyrieleis. Ziliitwa Leise, jina lililotokana na itikio lenyewe. Wimbo wa Pasaka Christ ist erstanden, wenye asili katika karne ya 12, ni mmoja wao. Wimbo wa Pentekoste Nun bitten wir den Heiligen Geist ulijulikana katika karne ya 13, maana mhubiri Berthold wa Regensburg, aliyefariki mwaka 1272, aliutaja na kuusifu. Hivyo wimbo wa kiroho wa Kijerumani ulichipuka, kwa sehemu kubwa, katika itikio ambalo watu walikataa kuliacha.

5. Luther na haki ya kuitika

Tukiyajua hayo, twaweza kuielewa vema zaidi kazi ya Martin Luther. Mara nyingi husemwa kwamba Luther aliwapa watu nyimbo. Usemi huo ni kweli nusu. Katika utaratibu wa misa ya Kilatini alioutoa mwaka 1523 alitamani ziwepo nyimbo zaidi katika lugha ya watu ili waziimbe ndani ya misa, na kati ya zile zilizokuwapo alitaja kwa heshima wimbo ule wa Pentekoste ambao Berthold alikuwa ameusifu karne tatu kabla yake. Mwaka 1524 aliuongezea beti. Kwa maneno mengine, Luther alifungua mlango wa kanisa na kuukaribisha ndani wimbo uliokuwa ukiimbwa na watu tangu zamani.

Katika Misa ya Kijerumani ya mwaka 1526 alilihifadhi Kyrie, lakini akaagiza liimbwe mara tatu badala ya mara tisa. Wengine wangeona hapo upunguzaji tu. Sisi twaona kurudishwa kwa ule ufupi wa awali ambao mtoto auweza. Tena jambo hili halikutengana na mafundisho yake. Mwaka 1520 alikuwa amefundisha kwamba wote waliobatizwa ni makuhani. Na kuhani asiyefungua kinywa katika ibada ni kuhani kwa jina. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliifafanua "Amina" ya mwisho wa Sala ya Bwana kuwa ni uhakika wa moyo kwamba Mungu anasikia na kukubali.

Hata hivyo, ushindi huo haukumaliza mvutano. Katika Walutheri wenyewe sanaa iliendelea kukua, na mwaka 1733 Johann Sebastian Bach alimpelekea mtawala wa Saksonia Kyrie na Gloria ambazo baadaye zilikuwa sehemu ya misa yake kubwa. Nani atathubutu kusema kwamba kazi ile si sala? Lakini ni sala ya kusikilizwa. Nalo Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilitoa tarehe 4 Desemba 1963 hati juu ya liturgia iliyoagiza kwamba watu watiwe moyo kushiriki kwa mashangilio, maitikio na nyimbo. Kwa hiyo jambo hili si la madhehebu moja.

6. Hali yetu

Wamisionari wa Kilutheri walipofika Dar es Salaam mwaka 1887, Usambara na kusini mwaka 1891, na Kilimanjaro mwaka 1893, walikuja na taratibu za ibada za Kijerumani. Hawakuwakuta watu wasiojua kuitika. Msimulizi wa pwani akisema "Paukwa", haendelei mpaka aambiwe "Pakawa". Katika ngoma na katika kazi mmoja hutoa wimbo na wengine huupokea. Na wimbo usiopokewa humwaibisha mtoaji. Hata neno "Amina" lilikuwa limekwisha kusikika pwani katika dua za Waislamu. Tena "Bwana, utuhurumie" lilitafsiriwa, wala halikuachwa katika Kiyunani. Kwa hiyo tuliepushwa na aibu ya Boso. Lakini muziki wake kwa muda mrefu ulikuwa wa Kizungu, na nyimbo nyingi za kitabu chetu, Mwimbieni Bwana, ni tafsiri.

Kwetu nako watu hawakungoja. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930 ulienea Afrika Mashariki ukiwafikia pia Walutheri wa Buhaya. Ulileta itikio la Kiganda, Tukutendereza, ambalo limeimbwa na maelfu wasiojua Kiganda, barabarani, nyumbani na makaburini. Tukilitazama kwa jicho la historia, tunamwona ndugu wa zile Leise. Na katika miaka ya 1960 Chuo cha Theolojia Makumira kilipokusanya nyimbo za Kiafrika katika kitabu Tumshangilieni Mungu, chini ya uongozi wa mwalimu Howard S. Olson, Kanisa lilifanya kwa namna yake kile alichokifanya Luther mwaka 1524: lilikaribisha ndani muziki uliokuwa nje. Wimbo wa Pasaka wa Mchungaji Bernard Kyamanywa, Mfurahini, Haleluya, umepata kuimbwa katika makanisa ya nchi nyingi. Sababu mojawapo, kwa maoni yetu, ni kwamba Haleluya yake humwezesha hata asiyezijua beti kuitika.

Leo tunazo kwaya nyingi, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Kwaya zimewalea vijana wetu na zimehubiri pale ambapo mchungaji hakufika. Lakini ziko ibada ambamo kwaya tatu au nne huimba zikipokezana, vipaza sauti vimefunguliwa hadi mwisho, na mama aliyekaa nyuma hana neno la kusema tangu mwanzo hadi mwisho isipokuwa "Amina" ya baraka. Iko pia hatari iliyo kinyume cha hiyo: mhubiri anayedai "Amina" baada ya kila sentensi ili awaamshe wasikilizaji. Hapo watu wanaitika, lakini hakuna wanachokikubali. Wanafanana na wale askari wa Saucourt, ambao walikuwa na kilio bila ombi.

Hitimisho

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo matatu kwa ndugu zetu wachungaji, wainjilisti na walimu wa kwaya. Kwanza, maombi ya Kanisa yagawanywe katika haja fupi, na baada ya kila haja usharika wote uimbe "Bwana, utuhurumie". Kwaya ifundishe na kuanzisha, isichukue nafasi ya watu. Pili, tuni iwe moja na itumike kwa muda mrefu, ili watoto waishike. Kubadili tuni kila Jumapili ni njia nyingine ya kuwanyamazisha watu. Tatu, kiongozi aombe kwa sauti na kwa lugha ya kueleweka, kisha anyamaze, awangoje watu mpaka wamejibu. Ukimya huo mfupi si pengo la kuzibwa na kinanda.

Tunafahamu kwamba mambo haya yaonekana madogo kulinganishwa na matatizo mengi yaliyo mbele ya Kanisa. Lakini mtu aliyezoezwa kunyamaza katika ibada kwa miaka mingi atanyamaza pia katika mkutano wa usharika, na atanyamaza mahali ambapo ushuhuda wake unahitajiwa. Watu wa Hippo waliulizwa, wakajibu, na jibu lao likaandikwa. Baada ya ibada ya Jumapili ijayo, wazee wa kanisa waulizane: mtu wa kawaida katika usharika wetu ameambiwa nini leo, naye amepewa nafasi ya kujibu nini?